Hojaji Arobaini, Kalamu Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Shahada ya uzamili ya uhusiano wa kimataifa na utawala wa umma, halafu natumwa kugonga milango kama muuza sabuni! Mwalimu anataka hojaji arobaini: je, wakazi wa mtaa wetu bado wanaihitaji zahanati? Kamati ya manispaa, anayoishauri yeye, itaamua kwa majibu hayo. Jua kali. Mbwa wengi. Nimerudi nyumbani kwa Mama na hojaji tupu.

Jumatano, 5 Machi
Nimejaza zote mwenyewe. Kalamu tatu, rangi tatu. Wazee nimewaandikia kwa mkono wa kushoto, herufi zitetemeke. Mama mmoja wa watoto sita nimemmwagia chai kwenye karatasi. Tatizo: anayeihitaji zahanati lazima aeleze sababu kwa mistari sita. Asiyeihitaji huweka alama ya vema, basi. Kwa hiyo thelathini na wanne hawaihitaji.

Jumatatu, 10 Machi
Bi Viatu, mwenzangu darasani, kaleta hojaji kumi na moja tu. Tunamwita hivyo kwa sababu vyake vimekwisha soli kwa kuzunguka mtaani. Watu wake wote wanaitaka zahanati. Mwalimu kasema sampuli ni ndogo mno. Zangu kazisifu mbele ya darasa, hasa miandiko. Bi Viatu akanitazama vidole. Vilikuwa na wino wa rangi tatu. Nikavitia mfukoni. Wivu tu huo.

Alhamisi, 20 Machi
Zahanati imefungwa. Tangazo mlangoni linataja utafiti wa chuo kikuu. Utafiti wangu! Nimelipiga picha. Mama kauliza dawa zake za presha atazipata wapi sasa. Nikasema hospitali kubwa inawatosha wakazi. Kauliza wakazi gani. Moyo ukaniuma. Kesho nitamfuatia dawa mwenyewe.

Jumatatu, 31 Machi
Kesho ile ilinipita, nilikuwa natayarisha wasilisho. Mama alikwenda hospitali kubwa kwa miguu, mara mbili, foleni ikafungwa kabla hajafikiwa. Jana kaanguka jikoni. Upande wa kulia umekufa. Daktari kauliza alikosa dawa siku ngapi. Sikujua. Bi Viatu, aliyepita tena kuongeza sampuli yake na kumkuta sakafuni, ndiye aliyejua: siku nane. Wiki iliyopita, alipomhoji Mama, alikuwa ameandika kwenye hojaji tarehe dawa zilipokwisha. Nimejifungia chooni nikalia. Naapa sitarudia.

Ijumaa, 4 Aprili
Mungu si Athumani! Mwalimu ametupa utafiti mpya: wakazi wameathirikaje na kufungwa kwa zahanati? Walioathirika wakiwa wengi, kamati itaifungua tena. Hojaji arobaini, mwisho Jumatatu. Bi Viatu ameshaanza kuzunguka, maskini. Mama, kwa ulimi mzito, kaniomba nimhoji yeye kwanza, ana mengi ya kusema. Nikamwambia apumzike, yake nimeshaijaza. Aliyeathirika anatakiwa kueleza kwa mistari sita, na mkono wangu ulikuwa umechoka. Nimemwekea vema kwenye “Sijaathirika”.