Mahali pa Kuweka Senti za Baba

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Leo Justa, mke wangu, kagoma kulalia soksi ya baba. Kasema ama soksi itoke kitandani ama nitoke mimi. Tumetoka wote wawili.

Ndani ya soksi kuna senti arobaini na sita za enzi za mkoloni, zote zenye tundu katikati, kwenye kamba moja ya katani. Kuu yao ni hela ya Mjerumani ya mwaka 1913, yenye taji. Baba alinikabidhi wiki ya mwisho ya uhai wake. Alisema nisiziuze, na zisitengane. Nilimwahidi. Ndoto yangu ni siku moja ziingie kwenye kabati la kioo kule makumbusho ya Bujora, na kadi ndogo chini: Zilitunzwa na Masalu. Kadi nimeshaiandika.

Kwa hiyo zinahitaji mahali salama pa miaka mingi. Kazi rahisi. Nimekuwa mtunza stoo wa kiwanda cha pamba miaka ishirini na sita.

Justa anasema nimpelekee kaka yake, Nkwabi. Ana kasha la chuma, kavu, lina mkaa wa kunyonya unyevu, na kila kitu kimo ndani ya bahasha yake. Bora nizitupe ziwani. Nkwabi akikutunzia kijiko, kila harusi utasikia habari za kijiko.

Jumanne, 5 Novemba

Nimezifukia kwenye gunia la dagaa. Mwizi gani atatia mkono humo? Nikakaa barazani na chai, nikajipongeza.

Sikumfikiria paka. Saa kumi jioni jirani yetu Mwanvua kaja, kamba yangu inaning'inia kidoleni mwake. Kauliza kama siku hizi nashona nyavu, maana paka wake kamletea vyuma vya kuzamishia. Nikasema ndiyo. Sasa anataka nimtengenezee nyavu za mumewe.

Alhamisi, 7 Novemba

Ziwani. Mawe haya yamekaa hapa tangu dunia haijapata jina. Yatashindwa kukaa na soksi moja? Nimeichomeka kwenye ufa, nikahesabu hatua kumi na tisa hadi jiwe lenye umbo la ng'ombe aliyelala. Kisha nikaketi.

Maji yametulia. Yangeyange wawili wamesimama, hawana shida na mtu. Nikaiona Bujora. Wanafunzi wamepanga foleni mbele ya kioo, mmoja anamuuliza mwalimu huyu Masalu alikuwa mtu wa namna gani. Mwalimu akaanza kueleza. Alieleza vizuri sana. Sikutaka amalize.

Nimeamka jua limenichoma shingo. Mawe yote yana umbo la ng'ombe aliyelala. Nimezunguka saa mbili. Soksi nimeikuta chini ya kenge, naye hakuwa na haraka ya kuondoka.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimepata! Nyumba yetu ya Buswelu. Kuta zimesimama, paa bado, lakini chumba cha stoo kina mlango na kufuli. Humo mna kopo la misumari na washa, vile vibati vya duara vyenye tundu katikati. Kanuni ya kwanza ya stoo: kitu kifiche kati ya wenzake. Nimekata kamba (samahani baba, ni kwa muda tu), nikamwaga senti zote kwenye kopo, nikakoroga. Mimi mwenyewe sikuweza kuzitofautisha. Nikacheka peke yangu.

Ufunguo nimemwachia fundi Bilali, maana Jumatatu anaanza kuezeka. Mwaminifu mno. Hapotezi hata msumari.

Jumatatu, 11 Novemba. Sengerema

Tumevuka kwa feri, harusi ya binamu wa Justa. Nkwabi kawekwa meza moja na mimi. Sikuweza kuvumilia. Nikamwambia, shemeji, senti zangu ziko mahali ambapo hata mimi nikiambiwa nizitafute sitaziona. Nilitegemea wivu. Yeye kauliza tu kama ni pakavu.

Nikamjibu kwamba leo hii panaezekwa.

Akaendelea na pilau.

Jumatano, 13 Novemba

Paa limekwisha, linang'aa. Stoo imefungwa vizuri. Kopo ni tupu.

Bilali kanieleza kwa furaha. Mipira ya kuweka chini ya misumari ilimwishia Jumatatu saa nne asubuhi. Bahati nzuri akakuta kwenye kopo washa za zamani, nzito, za aina isiyotengenezwa tena. Kasema, "Mzee, nimekuokolea safari ya mjini." Arobaini na tano ziko juu, zimepigiliwa. Nikauliza kama zinang'oka. Kasema zinang'oka, ila na bati zake, na mvua ile kule ziwani inakuja.

Justa kakaa juu ya mfuko wa saruji akacheka mpaka akashika mbavu. Halafu akaniona uso, akaja kunishika mkono. Nimelia. Nilimwahidi baba vitu viwili tu.

Imebaki moja, hela ya Mjerumani. Tundu lake lilikuwa dogo kwa msumari. Bilali kanirudishia kwa masikitiko, kasema hii haifai kwa lolote.

Ijumaa, 15 Novemba

Mvua tangu mchana. Nimetandika mkeka Buswelu, kwenye sakafu ya sebule, nikalala chali kuisikiliza. Hakuna tone hata moja lililopenya. Kila tone likigonga nahisi kuna senti inaitikia, ya kwanza, ya kumi, ya arobaini. Baba alisema nisiziuze, na nani ananunua nusu ya paa? Alisema zisitengane, na ziko juu ya nyumba moja. Nadhani hakuna hazina iliyowahi kutunzwa namna hii. Labda Bujora watakubali kuleta kioo huku.

Nkwabi kaja na mwavuli. Katazama juu. Kasema hiyo iliyobaki nimpe, kasha liko wazi na bahasha ameshaiandika jina langu. Nilishaitoa mfukoni. Kweli kabisa. Ndipo akaongeza kwamba Jumapili, kwenye ubatizo wa mjukuu wake, atausimulia ukoo mzima. Nikairudisha.

Jumapili, 17 Novemba

Ubatizoni sikwenda. Nimesema kichwa kinauma.

Kesho anaanza fundi bomba, Mayala. Kisanduku chake kakileta mapema, kimejaa washa ndogondogo za kila saizi. Hela nimeitumbukiza humo, chini kabisa, nikakoroga. Nani atatafuta hela ya Mjerumani kwenye vifaa vya bomba? Mimi asubuhi naelekea Bujora kuulizia habari za kabati.

Ufunguo nimemwachia Mayala. Wanamsifu kwamba kila kitu anakipatia matumizi.