Ukoka wa Kupokelea Wakwe

Jumatatu, 23 Septemba

Nimeamua. Uwanja wa mbele utaota ukoka. Hatua kumi na mbili kwa nane, kutoka barazani hadi kwenye mkorosho. Nimeshapima.

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni ya kisayansi. Newala nzima tunafagia viwanja kila alfajiri, tunausukuma udongo bondeni, halafu tunalalamika kwamba tumebaki na mchanga! Nimeyaandikia magazeti matatu kuhusu jambo hili. Hakuna lililochapa. Waoga. Ya pili ni ya kifamilia. Jumapili ya tarehe 13 Oktoba, kina Trevor wa Lulindi wanaleta barua ya posa kwa binti yangu Winfrida. Mama yake Trevor, Bi Lois, ana jicho kali. Winfrida anasema yule mama akifika kwa watu hutazama uwanja kwanza, watu baadaye, na uwanja usipompendeza barua hurudi nayo kwao. Kisha akasema, akiangalia chini, kwamba Trevor anampenda kweli. Hajawahi kuniambia neno kama hilo.

Basi Bi Lois atakuta zulia la kijani.

Jumatano, 25 Septemba

Muharami wa bodaboda kaleta ukoka kutoka Lisekese, mifuko miwili ya salfeti. Nimepanda mwenyewe, shina kwa shina. Mgongo sina.

Jirani yangu Mzee Jafari alisimama mpakani na ufagio wake muda wote. Nikampa shikamoo, maana ni mkubwa kwangu, akaitika marahaba, ndipo tukaanza kubishana. Alitaka kujua nafuga mbuzi au nyoka. Nikamweleza mmomonyoko wa udongo, kwa kirefu. Akasema kwao Makote, nyumba ikiota majani mlangoni, wapita njia huuliza marehemu alizikwa lini.

Hajasoma yule.

Ijumaa, 27 Septemba

Pigo! Mke wangu Veridiana amekifunga kisima kwa kufuli. Ni kisima chetu cha maji ya mvua, na mvua ya mwisho naikumbuka kwa mbali. Kasema maji yale ni ya watu mpaka Desemba, na majani yakiona kiu yavumilie kama Wakristo wengine. Nikaanza kumfundisha habari za mizizi. Akasema ufunguo uko kifuani mwake na somo limekwisha.

Nimepata njia. Kuanzia leo naoga uwanjani kwa ndoo yangu ya kuogea, nimevaa bukta, kila asubuhi sehemu tofauti. Sabuni kidogo haidhuru. Mzee Jafari amejiletea kiti.

Jumanne, 1 Oktoba

Ukoka una rangi ya chai ya maziwa. Nimefungua vitabu. Kimoja kinasema wazi kwamba udongo wa kichanga wa nchi za joto hukosa salfa. Na salfa imo stoo, nusu mfuko, imebaki baada ya kupuliza mikorosho! Nimemwaga yote. Uwanja mzima ulifuka vumbi la njano, nikajisikia mtaalamu.

Kumbe Veridiana alikuwa amemwekea mama yake salfa ile. Alichosema sikiandiki humu. Daftari hili litasomwa na wajukuu.

Alhamisi, 3 Oktoba

Majani yote ya njano. Mzee Jafari kauliza kama yameiva, aje na magunia.

Winfrida kaniomba kwa upole tufagie tu, kama watu wote. Nikamwambia watu wote ndio tatizo. Alikwenda jikoni, na mama yake akanitazama kwa namna ambayo ningependa kuijibu kwa maandishi.

Kinachohitajika ni samadi ya mbuzi, iliyooza vizuri. Mtaa mzima mwenye mbuzi ni mmoja. Nikavuka mpaka, nikatoa shikamoo yangu, nikasimama pale kama mwanafunzi aliyechelewa. Nilikuwa na hoja saba tayari. Mzee akanipa samadi bure, tena akanibebea nusu ya njia. Hilo ndilo lililoniuma.

Ijumaa, 11 Oktoba

Kijani! Siyo zulia, nakiri. Ni kama ndevu za kijana wa kidato cha tatu, hapa zipo, pale hazipo. Lakini ni kijani, na kinaonekana kutoka barabarani.

Nimetoa maagizo mawili. Mtu asikanyage. Na mtu asiwaambie wageni neno lolote kuhusu ukoka, kwa kuwa nimeandaa hotuba, dakika arobaini, nitakayoitoa mwenyewe baada ya chai ya Jumapili. Veridiana aliniuliza mara mbili kama nina hakika: neno lolote? Nikasema lolote. Akasema haya, baba.

Jumapili, 13 Oktoba

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Bi Lois na kina mama watatu walifika jana, giza limeshaingia, kuwatangulia wanaume. Hawakuona kitu. Leo nilikwenda ibada ya kwanza kungali giza, nikarudi na moyo mweupe. Nikasimama njiani.

Kwetu mwanamke mgeni hakai kutazama wenyeji wakifanya kazi. Huamka, hujifunga kanga, hushika la kushika, hasa akiwa amekuja kuomba mke. Hilo nalijua tangu utoto. Sikulifikiria hata kidogo.

Walikuwa na majembe! Ukoka walikuwa wameulima wote, wamebakiza upande wa mkorosho tu. Bi Lois akanipa pole kwa sauti ya msibani. Akasema, "Baba Winfrida, mngetutumia hata neno kwamba nyumbani kuna ugonjwa. Tungekuja wiki nzima iliyopita, tuwalimie."

Na katikati yao, jembe juu, akiimba nao, Winfrida wangu! Hajawahi kuonekana na furaha namna ile. Veridiana alikuwa barazani na birika la chai. Nikamuuliza kwa macho. Akajibu kwa mdomo, taratibu, kwamba yeye aliambiwa asiseme neno.

Saa nne uwanja ulikuwa umefagiliwa, mistari ya ufagio imenyooka. Mzee Jafari alikuja mpakani kuusifu. Wanaume wakafika, barua ikasomwa. Bi Lois akasimama. Akasema mabinti wanaojua kumimina chai amewaona wengi, lakini huyu amemkuta na jembe kabla ya jua, bila kuitwa, na kwa upande wake hana swali. Nasi tukaikubali barua. Winfrida alilia. Mimi pia, kidogo. Vumbi.

Hotuba sikuitoa. Hapakuwa na cha kuonyeshea.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimetafakari kwa utulivu. Bila ukoka kusingekuwa na cha kulima. Bila kulima, Bi Lois asingeiona kazi ya mwanangu. Kwa hiyo aliyefanikisha posa ni ukoka. Hoja haina tundu. Nimempa Veridiana aikague, akaenda kulisha kuku.

Mchana Trevor alipita kutusalimia. Kijana msikivu, hakunikatiza hata mara moja. Nikamuuliza habari za kwao Lulindi, alipozaliwa, watakapoishi na Winfrida. Uwanja wa mama yake ni hatua thelathini kwa ishirini, kasema, mweupe kabisa, hauna hata jani moja.

Masikini, mama wa watu. Siwezi kumpeleka binti yangu akaolewe jangwani.

Kesho nakwenda Lulindi na kamba ya kupimia.