Ombi la Kumrudisha Mwanao Pamoja na Mapacha Wake

Kwa Mama Mkwe Mheshimiwa,

Shikamoo, Mama. Marahaba nimeshajiitikia mwenyewe ili tuingie kwenye shauri.

YAH: MEZA YANGU YA KUSHONEA KUGEUZWA WODI YA INJINI

Kwa unyenyekevu mkubwa, mimi mkweo naomba umchukue mwanao, fundi magari, umrudishe ulikomtoa. Sina ugomvi naye. Hanipigi, hanywi, hachelewi kurudi nyumbani. Tatizo ni kwamba anarudi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Alianza na injini moja ndogo kama birika. Haina pistoni, ndani yake kuna chuma cha pembe tatu kinachozunguka, wao wanakiita rota. Mimi nilidhani kweli ni birika, nikashukuru. Kisha akaleta ya pili, akazifungua zote mbili, akaziunganisha kwenye shafti moja, chuma kirefu kinachozungushwa na rota zote mbili. Eti rota moja hutetemeka, mbili hutulia. Nikamuuliza kwa nini asitafute injini moja kubwa yakaisha. Mama, alinitazama kama nimeutukana ukoo wenu.

2. Kazi hiyo anaifanyia juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa. Bibi harusi mmoja ameondoka na alama ya grisi ya kidole cha mwanao mgongoni mwa gauni. Nimemwambia ni ua.

3. Siku injini hiyo ilipowaka, alitoka mbio mpaka barazani akiutangazia mtaa mzima kwamba mapacha wamelia. Kabla sijavua futi ya kupimia shingoni, nyumba ilikuwa imejaa wanawake, vinguo vya watoto na ushauri wa kunyonyesha. Jirani wa ng'ambo alinishika tumbo, akanipongeza kwa kurudia umbo langu upesi. Hata mawifi zangu wametuma mfuko wa nguo. Na watu wakiulizia hali ya watoto, mwanao anawajibu bila haya kwamba wanakunywa sana, ila wa kushoto anatoa moshi.

4. Tukiwa mezani tunakula, injini ikinguruma chumba cha pili, ghafla tonge linabaki hewani: mmoja kati ya wawili amekohoa! Anaacha chakula, anakimbia. Mimi nilikohoa wiki nzima, akaniambia nifunge dirisha. Hapo niliumia, Mama, sikufichi.

5. Sasa anataka kuongeza wa tatu, na akishatulia, wa nne. Shafti ikirefuka, ukuta wa chumba changu utabomolewa. Kwa mwendo huu rota ya sita itakuwa jikoni, ya nane kwa jirani, na mwisho mtaa wote utakuwa injini moja, sisi tuwe abiria. Nimeuliza gari la kufungia injini hiyo liko wapi. Halipo.

Kwa hiyo naomba uchague: umchukue yeye na mapacha wake, au unichukue mimi na meza yangu. Tafadhali pia waambie mawifi wazifuate zile nguo. Wewe unajua tumesubiri mtoto kwa muda gani. Kila nikifungua kabati zinanitazama, na mimi nimechoka kulia huku nashona nguo za harusi za wenzangu.

Msalimie sana Baba, mawifi wote na shangazi wa mguu mbovu. Yule mjomba aliyemnunulia mwanao bisibisi ya kwanza, msalimie kidogo tu.

Ni mimi mkweo mtiifu, ninayekatia vitambaa sakafuni,
Fundi Cherehani

Tanbihi: Kabla sijaituma barua hii nilipita zahanati kwa ajili ya kichefuchefu, nikijua ni ule moshi wa mwanao. Muuguzi akanipitishia kipimo tumboni, akatazama kioo cha mashine, akatazama tena, akamwita mwenzake. Wako wawili, Mama! Nguo zibaki. Ukuta aubomoe tu, tutahitaji nafasi. Na mwanao usimchukue kabisa, maana mtu anayemsikia mmoja kati ya wawili akikohoa chumba cha pili, huyo nitamhitaji hapa hapa. Lakini njoo haraka. Nimemwambia tumepata mapacha, akanijibu kwamba anajua, kisha akaenda kuwaongezea mafuta.