Chatu wa Kinamasini, Umoja

Jumatatu, 3 Machi 2025
Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi, hata neno moja lisitoke. Hata kwa mchungaji wako. Hasa kwa mchungaji wako.
Mimi ni Shiundu, karani wa hifadhi ndogo ya ndege nyuma ya mtaa wa Umoja, Nairobi. Kinamasi, bwawa, matete, uzio wenye matundu. Yangeyange wanaatamia humo. Mbuzi wa akina mama wa mtaa wanalishwa humo humo, maana kiangazi kimemaliza nyasi kila mahali pengine. Leo mkuu wangu, Bi Wavinya, ameniagiza nikae na akina mama hao tupatane mahali pa kulisha kabla ya Ijumaa. Mayai yakikanyagwa, nisahau kuthibitishwa kazini.
Nikae nao! Kiongozi wao, Mama Ayuma, aliwahi kumfukuza askari wa kanjo, wale wa jiji, kwa mwiko. Nina digrii. Nitatumia akili.

Jumanne, 4 Machi
Akili imetumika. Nimemnong'oneza Mama Ayuma kwamba chatu ameingia kinamasini, nikamwomba asimwambie mtu. Kufikia jioni, hakuna mbuzi hata mmoja kwenye matete. Mulongo, askari wa langoni, akauliza nimemwona wapi. Nikamjibu hilo ni suala la ofisi. Akacheka. Simpendi Mulongo. Huongea na watu kana kwamba ni jambo rahisi.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Nimesahau kitu anachojua kila mtoto wa Eastlands: nyoka akitajwa, watu hawakimbii, wanaleta mafuta ya taa. Asubuhi umati langoni, tairi kuukuu, viberiti. Wanataka kuchoma matete yote ili chatu atoke. Nikasema ameshaondoka. Mama Ayuma akauliza alimuaga nani. Nikasema amehamishwa.
“Na nani, wewe?” Akanitazama kuanzia viatuni. “Kijana wangu, wewe ukiona mjusi unaita mama.”
Wakacheka. Hawakuondoka. Nikajifungia stoo.

Alhamisi, 6 Machi
Jana sikumaliza.
Nikiwa stoo nilimsikia Mulongo akitoa viti na kumimina chai. Akawaambia kuna mayai ndani ya matete, moto utayamaliza. Mama Ayuma akashangaa mbona hawakuambiwa mapema. Yeye si mtu wa kuchoma watoto wa wenyewe. Wakapatana: mbuzi wabaki nje ya uzio, akina mama wakate nyasi za hifadhi upande wa barabara, matete yaachwe hadi makinda yaruke. Chai ilikuwa haijapoa.
Ila chatu je? Mulongo akapendekeza aliyemwona atangulie, awaonyeshe. Nikatolewa stoo. Nikaingia peku, matope magotini, mtaa mzima ukinitazama. Chatu hakuonekana. Ruba walionekana. Viberiti vikarudi mifukoni.

Ijumaa, 7 Machi
Bi Wavinya amekagua. Mayai salama, akina mama wana nyasi. Amempongeza Mulongo. Mimi naongezewa miezi ya majaribio, chini ya Mulongo. Nani alianzisha mambo yote haya? Hakuna anayeuliza.
Sasa nimetumwa nikae na wasukuma mikokoteni wanaooshea karoti bwawani na kuwachafulia ndege maji. Niketi nao, wale wenye mabega yale? Hapana. Kesho nitamnong'oneza mmoja wao kuhusu mamba. Kosa la Jumanne lilikuwa kuchagua mnyama wa nchi kavu. Maji hayachomeki.
Ukitaka kunipata, usipite langoni, Mulongo yuko. Zunguka nyuma ya tangi, gonga dirisha la ofisi taratibu, useme umeleta wino wa printa. Sauti ikiwa nzito sifungui. Na kama unajua mamba hulia vipi, njoo mapema.