Ombi la Kuruhusiwa Kusema Hapana Moja Mlangoni

Dubai, Machi 2016

Kwako Mheshimiwa Bwana Himid,
Mkufunzi wa Adabu za Huduma,
Hoteli yetu ya Al Muraqqabat.

Kwa heshima zote ninazozimiliki, na nyingine nilizoazima, napenda kuuleta mbele yako mgogoro baina yangu na mafunzo yako. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza nilichofundishwa hapa hotelini hakina neno hata moja la kulalamikia.

Awali ya yote, haki itendeke: huduma ya nchi hii haina mfano. Nimeshuhudia kwa macho yangu bwawa la kuogelea likikaushwa ili litafutwe jino la bandia la mgeni mmoja, na likapatikana kabla chai yake haijapoa. Nimeshuhudia paka wa mgeni akiletewa maziwa ya ngamia. Ni kweli kwamba kiyoyozi cha chumba chetu sisi wafanyakazi, kule Discovery Gardens, kimekufa tangu Ramadhani, na kila tukiuliza tunajibiwa "inshallah". Lakini hilo silalamikii. Kiyoyozi si mgeni.

Ninacholalamikia ni ile kanuni uliyotupa siku ya semina, uliposema, "Mgeni haambiwi hapana. Akitaka mwezi, mwambie unakwenda kumtafutia ngazi." Ukatuagiza kila ombi tulijibu, "Kwa furaha kabisa. Je, kuna jambo jingine la kukusaidia?" Mheshimiwa, wenzangu huivua kanuni hiyo pamoja na sare. Kwangu mimi imekataa kuvulika, na madhara yake ni haya:

1. Ronnie, Mganda tunayeishi naye chumba kimoja, alifiwa na baba yake mzazi. Tulipokusanyika kumwombea marehemu, nilisimama mlangoni bila kutumwa, nikawapokea waombolezaji kwa tabasamu na kuwatakia mapumziko mema. Ronnie akanivuta pembeni: "Wewe Dancan, baba yangu amekufa, hajafungua hoteli!" Niliomba radhi, kisha nikamuuliza kama kuna jambo jingine la kumsaidia.

2. Twaibu, wa chumba hichohicho, aliniomba kitanda changu cha chini kwa sababu ya mgongo wake. Nikasema kwa furaha kabisa. Wiki iliyofuata akaomba na godoro. Sasa nalala sakafuni kando ya friji, na wenzangu wakimkemea anawajibu, "Mwacheni, mwenyewe amefurahi. Hamkumsikia?"

3. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Kwa miaka mitatu nimekuwa na mchumba, Teresiah, mwenyeji wa Nyahururu, mhudumu wa mkahawa kule Bur Dubai. Kwa miaka hiyo yote amekuwa akiniuliza ni lini nitapeleka wazee kwa mama yake. Ijumaa iliyopita alinisubiri nje ya mkahawa wao, akasema, "Dancan, kama umechoka na mimi si useme tu. Tuachane?"

Mheshimiwa, moyo ulipiga kelele. Mdomo ukasema, "Kwa furaha kabisa, madam. Je, kuna jambo jingine la kukusaidia?"

Akanitazama. "Kwani mimi ni mgeni wako?" Kisha akasema, "Ndiyo, liko. Usinipigie simu tena." Nikainamisha kichwa kama ulivyotufundisha, nikamfungulia mlango wa teksi.

4. Mkataba wake umekwisha, na Jumapili anasafiri kurudi Kenya moja kwa moja. Rafiki yake, Lois, amenidokeza kwamba kabla ya hapo atapita hotelini kunirudishia sweta yangu. Sasa tazama mtego huu. Nitakuwa kwenye mlango mkuu, nimevaa sare na kofia. Yeyote akanyagaye zulia letu jekundu ni mgeni, kwa ufafanuzi wako mwenyewe. Akisema, "Basi, ndiyo kwaheri?" kanuni itanilazimu nikubali, tena kwa furaha.

Kwa sababu hizo, naomba nipewe kibali chenye mhuri cha kusema "hapana" moja, kwa sauti ya chini, pasipo kuwashtua wageni wengine. Ikiwa hapana nzima ni kubwa mno kwa hadhi ya hoteli, niruhusiwe kutikisa kichwa. Hilo nalo likishindikana, basi mlinzi wetu, Sultan, ambaye ndiye pekee mwenye mamlaka ya kuzuia watu mlangoni, aagizwe amzuie Teresiah asiondoke hadi nitakapomaliza zamu. Na endapo yote hayo yatakataliwa, itabidi hoteli imrudishe mchumba wangu kwa gharama zake, kama ilivyolirudisha lile jino.

Nawasilisha kilio hiki nikiwa wima, mikono nyuma, kama inavyotakiwa. Unisalimie Bi Daisy wa mapokezi, wapishi wote, madobi, yule fundi wa viyoyozi popote alipo, na familia yako tukufu.

Ni mimi mlinda mlango wako mtiifu,
Dancan Simiyu

Baada ya kutia sahihi: Teresiah amekuja leo, kabla sijaikabidhi barua hii. Hakuuliza nililolihofia. Alinitupia sweta kifuani, akaniuliza mbele ya wageni na masanduku yao, "Unanioa mwaka huu ama hunioi?" Miaka mitatu swali hilo nimekuwa nikilijibu "tutaona". Leo, kabla woga wangu haujaamka, mdomo ulikwisha kusema, "Kwa furaha kabisa, madam." Kwa hiyo naomba malalamiko yangu yote yafutwe na kanuni yako idumu milele. Ila Teresiah akija siku moja kuomba kazi hapa, usimpokee. Katika kila nyumba lazima awepo mmoja anayeweza kumnyima Twaibu godoro.