Maana ya Dini, kwa Mujibu wa Katibu wa Bao

3 Juni, Jumatatu
Jumamosi yetu imeporwa! Miaka minane chama chetu cha bao kinatumia ukumbi wa kata, leo tangazo limebandikwa: Jumamosi ni ya kikundi cha wafuga nyuki waliotoka Ipole, kiongozi wao Recheli. Hao kabla ya kikao humwaga maji ya unga mlangoni na kuwataja babu zao, na anayechelewa hutozwa faini. Mwenyekiti wetu, Mzee Humaidi, amesema tukikosa ukumbi, nami nimekosa ukatibu. Basi nimesoma kanuni za ukumbi. Ya nne: hakuna shughuli za dini. Nimewapata.

4 Juni, Jumanne
Kwa Mtendaji wa Kata, Bi Asila. Kasema hayo ya unga ni mila, si dini. Nikauliza mpaka uko wapi. Kasema Serikali haina dini, nisimuulize yeye. Nilete mwenyewe maana ya dini, kwa maandishi. Kazi gani hii!

5 Juni, Jumatano
Niliandika: dini ni kumwamini Mungu na kuwa na kitabu. Mke wangu, Mwanahawa, kasema hapo wafuga nyuki wamepona, kitabu hawana. Nikachana. Karatasi sita. Hatimaye: "Dini ni watu kukutana siku maalumu, kuwakumbuka waliotangulia kwa maneno yaleyale, na kumwadhibu anayevunja utaratibu." Recheli hana pa kutokea. Mwanahawa kauliza kama nina hakika. Nikainakili kwa wino.

6 Juni, Alhamisi
Bi Asila kaisoma mara mbili. Kaisifu. Kasema itatumika kwa vikundi vyote.

8 Juni, Jumamosi
Bi Asila katuita sote ukumbini, sisi na wafuga nyuki, kauliza sisi huanzaje. Nilimkanyaga Mzee Humaidi mguu, hakuelewa. Kaeleza kwa fahari: kila Jumamosi saa tisa, kwanza Fatiha ya marehemu Sadiki, mwanzilishi. Kiti chake hakikaliwi. Mwezi jana Twalibu alikikalia, tukamfukuza. Bi Asila kaandika: dini. Recheli kakubali kumwagia unga wake nyumbani, kabaki na ukumbi, kanipa na chupa ya asali ya pole. Nimeumia sana. Ukatibu kapewa Twalibu, kasamehewa palepale.

9 Juni, Jumapili
Kosa si langu. Dini ni neno pana mno. Tutarudi kwa mlango wa mila, na maana yake nimeshaiandika: "Mila ni jambo linalofanywa miaka yote bila mtu kujua sababu." Mwanahawa kasema hivyo ni vikao vya kata. Vizuri sana, Bi Asila ataelewa haraka. Kesho asubuhi naipeleka.