Sharubu za Upande Mmoja

Gazeti la asubuhi liliandika kwamba simu zilifurika kwenye kituo cha televisheni, watu wakimlilia Mtawala wa Vumbi, yule mlipua sayari wa tamthilia, kwa kuwa jana jioni hatimaye Kapteni alimpiga risasi. Kwa Kapteni hakuna aliyepiga hata kumpongeza. Mwanasaikolojia mmoja akaeleza sababu: mtu mbaya naye ana kidonda, ila hakuna aliyewahi kumwuliza kinamuuma wapi.

Benchi la mbele ya duka la kinyozi likawaka kwa ubishi. Betri, fundi simu, hakutaka kusikia mambo ya vidonda. Mtawala aliachwa na chombo cha kuhamia sayari nyingine akiwa na miaka saba; haya, pole yake.

"Mimi nimeachwa na basi mara ngapi? Nimelipua nini?"

Shangazi Uzi, mshonaji wa mlango wa pili, akasema bila kuinua macho kwenye pindo lake kwamba huyo Kapteni naye ana lake. Vipindi arobaini anaokoa watu asiowajua, mama yake mzazi akimpigia hapokei. Mtu anayependa kupigiwa makofi kiasi hicho, siku yakikoma si ndiye atakayelipua?

Kinyozi alikuwa akifuta kiti kilichokwisha kutakata. Siku nyingine yeye ndiye huwa hanyamazi. Leo alitoa sauti ya mgonjwa.

"Lakini mtu anaweza kutenda ubaya bila kukusudia."

Wenzake wakatazamana. Mtaa mzima ulishajua. Jana hiyo hiyo baba wa mchumba wake alikuja kupunguzwa sharubu, alizozilea miaka thelathini, ili Ijumaa aipokee posa ya kinyozi huyo huyo akiwa nadhifu. Wembe uko chini ya pua ya mzee, kwenye televisheni ya dukani Mtawala akavua kofia yake ya chuma kwa mara ya kwanza, akalia. Kinyozi naye machozi yakamlenga. Alipogeuka, sharubu za kushoto ziko sakafuni. Mzee alijitazama kwenye kioo, akaondoka.

"Sayari ikishakuwa vumbi," Betri akasema, "haikuulizi ulikusudia nini."

"Mwulizeni basi kinamuuma wapi," Shangazi Uzi akasema. "Si ndivyo gazeti linavyotaka?"

Kinyozi akakaa kwenye kiti cha wateja, kitambaa mkononi. Akasema kwamba kofia ilipovuliwa hakuona jitu lolote. Aliona mtu anayeogopa kukataliwa, na yeye mwenyewe ana wiki nzima hapati usingizi kwa ajili ya Ijumaa.

Mtu akakohoa nyuma yao. Mzee alikuwa amesimama mlangoni, skafu imemfunika mpaka machoni, kama Mtawala mwenyewe. Kinyozi akaruka kutoka kitini. Mzee akakikalia, akajifunua. Nusu ya sharubu ilikuwa bado ipo. Betri akaanza kuuchunguza ukuta.

"Baada ya kuvua kofia," mzee akauliza taratibu, "ilikuwaje? Niliondoka kabla haijaisha."

Kinyozi akauchukua wembe. "Alisamehewa, baba."

Betri akafungua kinywa. Shangazi Uzi akamkanyaga mguu.

Mzee akalitazama gazeti pale benchini, kisha akamtazama kinyozi kwenye kioo.

"Nimelisoma hilo," akasema. "Kapteni alikosea. Nyoa na upande huu wa kulia. Lakini televisheni, izime."